Paka Ni Wangu, Kuku Ni Wangu: Kwa Nini Hadithi za Giza Zinatuvuta

Stima ilikuwa imepotea tangu saa moja jioni. Ilikuwa mapema 2022. Mpwa wangu, wakati huo bado yuko sekondari, alikuwa ameketi jikoni kwetu Umoja, mshumaa umesimamishwa juu ya kisahani, akisoma kwa sauti kitabu chake cha fasihi. Kilikuwa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliopita mikononi mwa karibu kila mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, wa miaka ile. Alikuwa kwenye hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyokipa kitabu jina. Jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, mtaani Madongoporomoka. Linaagiza chakula chote kilichopikwa. Linakula, linamaliza, wateja wanatazama. Linaahidi kurudi kesho, na kesho litakula zaidi.

Kidole chake kikasimama hapo kwenye mstari. "Mjomba, mbona hakuna hata mmoja aliyeliambia chakula kimeisha?"

Nilimwambia aendelee. Akasoma hadi matingatinga yalipofika, na askari wa baraza la mji nao. Ubomoaji haukumshangaza. Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, ilikuwa imebomolewa mwishoni mwa 2021, maelfu ya familia zikalala nje, na picha zake zilikuwa bado zinazunguka kwenye simu za watu. Mtoto wa Nairobi tingatinga analijua. Kilichomsumbua ni kile kimya cha mkahawani. Asubuhi yake, akifunga kamba za viatu, aliniuliza tena, na bado sikuwa na jibu.

Nimelitafuta jibu hilo tangu siku ile, na kulitafuta kumenifikisha kwenye swali pana zaidi, linalonijia kila ninapomsifia mtu hadithi za aina hii: hadithi fupi za giza, za ajabu, za jamii iliyooza huku mambo yote yakienda kwa utaratibu. Wahakiki huziita za kidistopia. Aliyeliuliza vizuri kuliko wote ni dada yangu, mama yake msichana huyo. "Nimetoka kazini jioni, nimesimama kwenye matatu kutoka mjini mpaka hapa, unga umepanda bei, halafu wewe unanipa hadithi ya watu wanaopigana mawe? Giza ninalo tayari."

Hilo ni pingamizi la kweli, na majibu mawili yaliyozoeleka hayalitoshi. La kwanza husema tunapenda kuogopa tukiwa salama: moyo unadunda, kisha unafunga kitabu na kushukuru kwamba mlango una komeo. Hiyo inaeleza filamu za mizimu. Haielezi kwa nini hadithi isiyo na tone la damu inaweza kumkosesha mtu usingizi. La pili husema hadithi hizi ni utabiri, zinatuonya yajayo. Sijakutana na msomaji aliyeirudia hadithi mara ya tatu ili ahakikishe kama mwandishi alipatia mwaka.

Jibu langu mimi limo katika hadithi kongwe ya Kiswahili. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Majinuni. Sultani ana paka. Paka anakamata kuku, watu wanakwenda kushtaki, sultani anawajibu: paka ni wangu, na kuku ni wangu. Paka anakamata mbuzi. Paka ni wangu, na mbuzi ni wangu. Anapanda kwa ng'ombe, anaendelea na wanyama wengine wakubwa, mpaka anafika kwa watoto wa watu, na jibu la sultani halibadiliki. Kisha siku moja mnyama huyo anawaua wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba mtu anatamka kwamba huyu si paka tena, ni nunda mla watu.

Itazame ilivyojengwa. Kati ya kuku na mbuzi hakuna umbali wa kutisha. Kati ya mbuzi na ng'ombe pia hakuna. Kila hatua inafanana na ile iliyoitangulia, kiasi kwamba anayelalamika ndiye anayeonekana mgeni mjini. Ukisimama kwenye ng'ombe utaulizwa mbona ulinyamaza kwenye mbuzi, nawe hutakuwa na la kusema. Ndiyo maana wateja wa Mzee Mago walitazama tu. Mtu aliyelizuia Jitu kwenye sahani ya kumi angelazimika kueleza kwa nini aliiachia ya kwanza.

Sasa, maishani hatua hizo hazifuatani siku moja. Kati ya kuku na mbuzi kuna msimu wa mvua, kuna uchaguzi, kuna mtoto kuzaliwa na mwingine kwenda shule ya bweni. Unasahau paka alikuwa na ukubwa gani. Hadithi fupi ya giza inaichukua miaka hiyo thelathini na kuibana katika kurasa nane. Hatua zilizotenganishwa na maisha unaziona zimesimama bega kwa bega, na jicho linaona kwa mara ya kwanza kwamba mnyama amekua. Raha yake ni hiyo. Nasema raha kwa kukusudia, kwa sababu kushtuka kwa jambo ulilokuwa umeacha kulishtukia ni kama ganzi inayotoka mguuni: inachoma, na mguu unarudi kuwa wako.

Nilimsimulia dada yangu habari za nunda Jumapili moja tukifua. Alinyamaza kidogo, kisha akanyoosha mkono kuelekea koridoni. Kuna mitungi kumi na mmoja kwenye koridoni ile, ya lita ishirini ishirini, ya manjano na ya bluu, miwili imezibwa kwa mfuko wa plastiki kwa sababu vifuniko vilipotea. Alipohamia hapo, maji yalikuwa yanatoka bombani kila siku. Baadaye yakawa siku tatu kwa wiki, na watu wakanunua mtungi mmoja wa akiba. Ikawa siku moja, Jumanne usiku, na wakajifunza kulala nusu usingizi ili wasikie bomba likikohoa. Siku hizi wanasubiri mkokoteni na kununua kwa mtungi. "Wajua," akasema, "sikumbuki ni mwaka gani tulikubali hivi." Akaendelea kukamua shuka. Hakusema ameanza kuzipenda hadithi zangu, na sikumuuliza.

Kiswahili chenyewe kinajua jambo hili kuliko sisi tunaokisema. Nairobi nzima ina neno moja la kufungia mazungumzo: tumezoea. Foleni ndefu? Tumezoea. Lifti imekufa tangu Machi? Tumezoea. Neno hilo linampa msemaji sura ya mtu mzima aliyekomaa. Lakini kuna umbo lake jingine ambalo ni nadra kulisikia barabarani: tumezoeshwa. Herufi chache tu zimeongezeka katikati, na ghafla kuna mtu mwingine chumbani. Kuna aliyefanya. Hadithi za giza zilizoandikwa vizuri hufanya kazi yote katika nafasi hiyo, kati ya kuzoea na kuzoeshwa, na mwandishi wa Kiswahili ana bahati kwamba lugha yake imemwekea mlango tayari.

Kuna hadithi ya Kimarekani ambayo mtu yeyote anayeipenda fani hii ataifikia siku moja, The Lottery ya Shirley Jackson, iliyotoka katika jarida la The New Yorker Juni 1948. Naitaja kwa sababu ya jinsi ilivyo tulivu. Ni asubuhi ya jua, wanakijiji wanakusanyika uwanjani. Wanaume wanazungumza mambo ya kupanda, mvua, matrekta na kodi. Watoto wanarundika mawe. Kuna sanduku jeusi lililochakaa, na kila mwaka watu husema litengenezwe jipya, kisha maneno yanapoa. Mama mmoja, Tessie Hutchinson, anachelewa. Alikuwa anaosha vyombo, anakuja akijifuta mikono kwenye aproni, watu wanamtania na kumpisha. Karatasi zinachukuliwa kutoka sandukuni. Yenye alama nyeusi inaangukia nyumba ya Tessie, halafu inamwangukia Tessie mwenyewe, na jirani zake wanaokota mawe. Mtu anampa mtoto wake mdogo vijiwe vichache naye ashiriki.

Barua zilimiminika. Jackson alieleza baadaye kwamba alipokea zaidi ya 300 majira yale, nyingi zikiwa za mshangao na hasira. Wapo walioandika kuuliza bahati nasibu hiyo hufanyika wapi, na kama wanaweza kwenda kuitazama. Afrika Kusini ya wakati ule iliipiga marufuku.

Nimeisoma mara nyingi, na mahali paliponikaa si kwenye mawe. Ni pale Tessie anapoanza kulalamika kwamba haikuwa haki. Analalamika baada ya karatasi kuanguka kwao. Miaka yote iliyopita alikuwa katika umati, labda akiwa na jiwe lake mkononi, na leo asubuhi alikuja akicheka. Paka alikuwa wake, na kuku walikuwa wake. Jackson hasemi neno hata moja la kumhukumu. Anaiacha sauti ya msimulizi ibaki ile ile ya habari za mvua na kodi mpaka mwisho, na sauti hiyo ndiyo inayotisha. Msimulizi angepiga kelele, tungekuwa tumeshapumua.

Utulivu huo una mbinu zake katika Kiswahili, na nasikitika hatuzitumii vya kutosha. Soma notisi yoyote iliyobandikwa kwenye ngazi za ploti: "Wapangaji wote mnajulishwa kwamba..." Nani anajulisha? Sikiliza tangazo la ofisi: "Imeamuliwa," "mnaombwa kuvumilia," "huduma zimesitishwa." Kauli ya kutendwa inamfuta mtendaji kwa adabu kabisa, na juu yake tunaongeza tafadhali na shukrani. Mwandishi wa hadithi ya giza hahitaji kubuni lugha ya mashine. Achukue notisi ya ngazi, abadilishe kitu kimoja tu ndani yake, aiache adabu kama ilivyo.

Tulipata nafasi ya kuishi ndani ya hadithi ya namna hiyo, hapa hapa katikati ya jiji. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023, watu walipanga foleni KICC, jumba la mikutano la taifa, ili macho yao yapigwe picha. Mradi uliitwa Worldcoin. Unafika mbele, unatazama ndani ya tufe la rangi ya fedha, alama za mboni yako zinahifadhiwa, na unapewa sarafu za kidijitali ambazo siku zile zilikuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Nilipita pale mchana mmoja. Foleni ilikuwa na nidhamu ambayo sijaiona kwenye vituo vya mabasi. Mama mmoja alikuwa amemshikia mwenzake nafasi aende kununua maji. Kijana aliyesimama karibu nami alikuwa na simu mkononi, skrini imepasuka, analinda betri isizime kabla hajafika mbele. Nilimuuliza kama haogopi. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mzee jambo rahisi: "Macho nabaki nayo, si wanapiga picha tu. Na kodi ya nyumba ni tarehe tano."

Sikuwa na la kumwambia, na hata leo simlaumu. Macho ni yake, na kodi ya nyumba ni yake. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo za kibayometria zifutwe. Lakini hebu iandike siku ile kama hadithi, bila kubadilisha chochote: jengo la fahari la taifa, watu waungwana kwenye foleni, tufe linalong'aa, na bei ya jicho ikiwa karibu sawa na kodi ya chumba kimoja. Msomaji wa nchi nyingine angesema mwandishi ana ubunifu wa kutisha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodai hadithi za giza ni bidhaa ya kuagizwa, kwamba ni mambo ya Wazungu wenye majiji ya chuma na theluji nyeusi. Shaaban Robert aliiandika Kusadikika na ikachapishwa 1951: nchi iliyo angani, mshtakiwa anayeitwa Karama, kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria, na ndani ya kesi kuna habari za wajumbe waliotumwa nje kutafuta mema na kuishia kifungoni waliporudi. Na kabla ya hapo kulikuwa na mazimwi ya bibi zetu. Giza tulilianza zamani.

Na ufupi? Ufupi ndio unaoipa fani hii meno. Mwandishi wa Kimarekani Edgar Allan Poe aliandika tangu 1842 kwamba hadithi inafaa isomwe kwa mkao mmoja, na nadhani alikuwa na sababu nzuri kuliko hata alivyoieleza. Riwaya ni nyumba ya kupanga. Ukikaa humo wiki mbili unajua ngazi ipi inateleza na taa ipi haiwaki. Hata kama ni nyumba ya kutisha, unaizoea, unapata kona yako ya kuwekea viatu. Nimesoma riwaya za mateso ambazo kufikia ukurasa wa mia mbili nilikuwa nimeanza kujali zaidi nani atamwoa nani. Hadithi fupi haikupi kona ya viatu. Inafungua mlango, unaona kilichomo, inakutoa nje kabla macho hayajalizoea giza. Kurasa nane zinakwisha kwenye foleni ya magari ya Jogoo Road kati ya Donholm na mzunguko wa City Stadium, na unashuka ukiwa bado umeshtuka. Unaliona jiji kwa macho hayo hayo kwa muda wa dakika kumi hivi. Dakika kumi si haba.

Vijana huniletea hadithi zao, na wengi sasa wanaandika giza. Nafurahi, lakini kuna kosa moja linalojirudia, na hadithi ya Sultani Majinuni inalitaja pia. Baada ya nunda kutoroka, mwana wa mwisho wa sultani anaapa kumwinda. Anaua mbwa, anamburura mpaka nyumbani akiimba: "Mama wee, niulaga nunda mla watu," yaani nimemuua. Mama yake anatazama na kumjibu: "Mwanangu, siye." Anarudi porini, anaua mnyama mkubwa zaidi, anaimba tena, anajibiwa tena: mwanangu, siye. Hata tembo anamleta, na siye.

Hadithi nyingi ninazoletewa ni mbwa na tembo. Kuna dikteta mwenye jicho moja la chuma. Kuna mvua ya damu. Kuna maiti tano katika aya ya kwanza, na askari wanaocheka wakiua. Mwandishi anaimba, nami inanibidi nimwambie siye, kwa sababu askari anayecheka akiua sijawahi kumzoea na sihitaji kuamshwa juu yake. Niletee askari anayeniuliza kwa upole kama nimekula, huku akiniandikisha. Kosa jingine ni shujaa anayelipua mtambo mkuu ukurasa wa mwisho, kila mtu akawa huru. Likilipuka, msomaji analala vizuri. Alikuja kwako akiwa amelala. Ulimwamsha kurasa saba, ukamlaza tena.

Lakini dhambi hiyo ni ndogo ukilinganisha na tunayowatendea wasomaji wachanga. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE ina maswali ya alama ishirini ishirini, na hadithi fupi zina nafasi yake humo. Ni jambo jema kwamba taifa linawataka watoto wake wasome hadithi. Tatizo ni njia. Nimekaa na daftari la mpwa wangu: maudhui kumi ya "Tumbo Lisiloshiba," yamepangwa kwa namba, sifa za Mzee Mago, tamathali za usemi na mifano yake. Mengine yalikuwa yamenakiliwa kutoka kwenye mwongozo kabla hadithi yenyewe haijasomwa darasani. Mtoto anafika kwa Jitu akiwa ameshaambiwa kwamba Jitu ni ishara ya tamaa ya matajiri, alama mbili. Basi hawezi kuliogopa. Swali aliloniuliza jikoni, mbona hakuna aliyeliambia chakula kimeisha, halikuwa na mahali katika daftari lile. Nawaomba walimu, kwa heshima na nikijua mzigo walio nao, waisome hadithi kwanza yote, kwa sauti, mwongozo ukiwa umefungwa, na wakae kimya dakika moja wanapomaliza. Maudhui hayatakimbia.

Nimesema hadithi hizi zinatuonyesha paka aliyekua. Zipo pia zinazouliza jambo gumu zaidi: je, ukishajua? Ursula K. Le Guin aliandika mwaka 1973 juu ya jiji la Omelas, lenye furaha ya kweli, sherehe na watu wema, na chini ya jengo mojawapo kuna chumba kidogo alimofungiwa mtoto mmoja katika uchafu. Furaha ya jiji inategemea mtoto huyo abaki humo. Wote wanajua. Baadhi huenda kumtazama. Wachache, baada ya kumtazama, huondoka mjini na kutorudi.

Ninapoisoma hadithi hiyo hapa Nairobi, siwezi kuiacha ibaki mbali. Katika miaka ya 1980 watu waliteswa katika seli za chini ya Nyayo House, wengine wakafungiwa kwenye maji. Seli zenyewe zilifunguliwa umma uzione mwaka 2003. Juu yake, jengo ni lile lile, watu hupanga foleni za paspoti, wamebeba bahasha za kaki na ndoto za kusafiri. Na kuna chumba kingine, kipya zaidi, kisicho na kufuli. Kwa miaka kadhaa vijana wa jiji hili wameajiriwa kukaa mbele ya skrini na kutazama maiti, ubakaji na ukatili wa watoto, video baada ya video, ili kurasa za mitandao ya kijamii ziwe safi kwa watu wengine. Mwaka 2023 zaidi ya 180 kati ya wakaguzi hao wa maudhui walikwenda mahakamani hapa Nairobi juu ya kazi hiyo na jinsi walivyoipoteza, na ripoti za daktari zilizowasilishwa baadaye zilionyesha zaidi ya 140 kati yao wakiwa na majeraha ya akili. Wengine wamelipwa kusoma maandishi machafu kwa saa nyingi ili mashine ijifunze kutoyatamka. Kila ninapofungua simu asubuhi na kukuta picha za harusi na mapishi, najua sasa kwamba kuna mtu alikaa chini ya jengo kwa niaba yangu. Le Guin hakuwa akiandika juu yetu, lakini bila hadithi yake nisingekuwa na umbo la kuliweka jambo hili. Ningesoma habari ya kesi, ningesikitika, ningepindua ukurasa.

Mpwa wangu sasa yuko chuo kikuu, naye anaandika. Wiki iliyopita alinisomea hadithi yake, kwenye simu, tukiwa jikoni pale pale. Ni ploti ya orofa nane. Lifti imekufa miaka. Siku moja mwenye nyumba anabandika notisi: wapangaji wote mnaombwa kuchangia dakika moja ya usingizi kila usiku kwa ajili ya lifti. Dakika moja ni nini? Wanakubali. Lifti inaamka, inapanda, mzee wa orofa ya nane anashuka kwenda kanisani kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na watu wanampigia makofi mlangoni. Mwezi unaofuata notisi inasema dakika tatu. Kisha saba. Hakuna anayelazimishwa, jina lako linaandikwa tu kwenye karatasi ya ngazini, kwa kalamu nyeusi au nyekundu.

Hajaimaliza. Mwezi ni wa sita, dakika zimefika arobaini na tano, lifti haijawahi kukwama hata mara moja, na anamtafuta mpangaji wa kugonga mlango wa mwenye nyumba. Alijaribu mama wa nyumba namba tatu. Akamfikisha mpaka mlangoni, akamwinulia mkono, kisha akafuta aya nzima kwa sababu mama huyo ana mtoto mgonjwa orofa ya saba. Sasa anamjaribu mzee wa orofa ya nane.

"Huyo naye," akaniambia, "atashukaje?"